Tangi la Kujaza Pembe

Jirani anasimulia hivi: Jumatatu moja ya msimu wa baridi, boila la kuni la nyumbani kwake liliwashwa asubuhi, likalishwa hadi likashiba, mlango ukafungwa. Maji yakapata moto, yakaingia kwenye tangi jipya la lita elfu mbili, yakatulia humo kama mtoto aliyenyonya akashiba. Jumanne boila halikuwashwa. Jumatano halikuwashwa. Alhamisi asubuhi alipokwenda kuoga, alifungua bomba akaruka nyuma kwa yowe, maana maji yalitaka kumbabua ngozi.

"Siku tatu!" husema jirani, akiinua vidole vitatu juu ili hata kiziwi asipitwe. "Moto mmoja, siku tatu. Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Kwa kuwa hakuna hadithi yake iliyowahi kukosa maneno hayo ya mwisho, mtaa mzima ulikwisha kumbatiza jina. Wakubwa kwa wadogo walimwita Bwana Nimeona.

Hadithi ya siku tatu haikukaa kwake. Iliruka ukuta wa ua ikatua nyumba ya pili, masikioni mwa seremala mmoja mstaafu. Huyu naye alikuwa na jina lake la mtaani, Mzee Futi, kwa sababu futi yake ya chuma haikutoka mfukoni hata siku ya kwenda kumzika mtu. Akiingia nyumba ya watu, kabla hajaketi alikuwa ameshapima mlango kwa macho na kujua umepinda kiasi gani. Katika maisha yake alikuwa ametengeneza madirisha, makabati na milango isiyo na hesabu, na alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama imani: pembe tupu ni fedheha ya seremala. Penye pembe, pajazwe.

Nyumbani kwa Mzee Futi waliishi watu watatu. Yeye mwenyewe, mkewe ambaye baridi ilikuwa imemwingia magotini mpaka yakawa yanalia kama bawaba kavu, na mkamwana wao. Mume wa huyo mkamwana, ambaye ndiye mtoto wao wa pekee, alikuwa dereva wa malori ya masafa, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi, analala siku tatu, anaondoka. Basi kazi ya boila ilikuwa ya mkamwana.

Chumba cha boila kilikuwa nyuma ya jiko. Boila lenyewe lilisimama kimo cha kifua cha mtu, jeusi, mlango wake mdogo wa chuma ukiwa na kishikio kilichokuwa kimeungua mbao yake zamani kikabaki chuma kitupu. Juu yake kulikuwa na pipa la lita mia mbili. Maji yaliyopashwa na boila yalipanda pipani, na kutoka pipani yalikwenda bafuni, jikoni, na kwenye mabamba ya chuma yaliyotundikwa ukutani ili kuvipasha vyumba joto.

Shida ilikuwa pipa. Boila lilikuwa na tumbo kubwa, pipa lilikuwa dogo. Mkamwana akilijaza boila kuni tenga zima, baada ya muda si mrefu maji yalichemka, na vali ya usalama ilianza kupiga mluzi kama refa aliyechoshwa na wachezaji. Kwa hiyo ilimbidi alilishe kwa kulihesabia. Magogo matatu, asubiri. Mengine matatu, asubiri tena. Mara sita kwa siku aliinama mbele ya mlango ule. Na moto wa kunyimwa hununa, na moto ukinuna hutoa moshi. Moshi uliganda ndani ya bomba la dohani ukawa lami, na kila Jumamosi alipanda juu ya ngazi kuukwangua.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini, na macho yake yaliona hata yale ambayo hakutumwa kuyaona. Shule aliishia darasa la saba, lakini kipande cha chaki hakikumtoka. Nyuma ya mlango wa chumba cha boila, mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine wa kupaona, kulikuwa na mistari ya chaki, mingine mirefu, mingine mifupi, safu kwa safu.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Mkunga wa zahanati alimtazama mikono yenye masizi, akamtazama miguu, akasema, "Dada, kuinama basi. Kubeba kuni basi. Na mtoto akija, Mungu hatakuongezea mkono wa tatu wa kuchochea boila. Wakwe zako watafute njia."

Njia ilijulikana, na nyumba nzima iliafiki. Pipa liondolewe, liwekwe tangi la kweli la kutunzia maji ya moto, ili boila lijazwe asubuhi, liwake kwa raha yake, joto lote likae tangini, na mtu asiliguse tena mpaka kesho yake. Hapo mkamwana angeweza kulala na mwanawe bila kukimbilia mluzi. Swali likabaki moja tu: tangi la kiasi gani?

"Hilo si swali," alisema Mzee Futi. "Hilo ni kipimo."

Jumamosi aliingia chumba cha boila pamoja na fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke mnene mwenye mikono iliyojaa vidoa vya cheche, ambaye watu walimwita Mama Cheche. Mkamwana alikuwa humo, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akisubiri magogo yake matatu yashike.

Mzee Futi alipiga goti pembeni. Futi ikatoka, ikaingia, ikatoka tena.

"Upana mita moja na ishirini. Kimo, tukiacha nafasi ya mabomba, mita moja na themanini. Andika."

Mama Cheche aliandika kiganjani, akakunja uso kidogo, akapiga hesabu. "Tangi la mviringo la vipimo hivyo ni kama lita elfu mbili, mzee."

"Elfu mbili! Sawasawa na la jirani!" Mzee Futi alisimama kama mtu aliyepewa ishara kutoka mbinguni. "Unaona? Pembe yenyewe imesema. Moto mmoja, siku tatu."

"Boila lenu linakula kuni kiasi gani kwa mara moja?" aliuliza Mama Cheche.

"Za kutosha."

"Anawasha nani?"

"Sisi," alijibu Mzee Futi.

Kusikia "sisi", mkamwana aliinamisha kichwa ili wasimwone akitabasamu. Kisha akakohoa kidogo. "Baba, naomba niseme neno."

"Sema, mwanangu. Ila usikanyage futi."

Alirudisha mguu nyuma. "Sidhani kama boila letu litaliweza tangi la namna hiyo. Nahofia maji hayatapata moto."

Mzee Futi alicheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyeuliza kwa nini mbingu haidondoki. "Mwanangu, kikubwa hubeba kidogo, kidogo hakibebi kikubwa. Ukiwa na kabati kubwa na nguo chache, kuna hasara gani?"

Mkamwana alifikiri. "Nguo hazipoi kabatini, baba."

"Umesikia hiyo, Mama Cheche? Nguo hazipoi!" Mzee aliikunja futi yake huku mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mama Cheche hakucheka. Alikuwa anatoka, na mlango uliporudi nyuma aliiona ile mistari ya chaki. Aliitazama, akamtazama mkamwana. Kazi ya fundi ni kutengeneza alichoagizwa. "Jumatano saa nne asubuhi nakata bamba," alisema. "Nikishalikata, mzee, hata uje na machozi ndoo nzima, halirudi."

"Kata. Nilichopima mimi hakirudi."

Jioni ile mkamwana alipokuwa anamwekea mama mkwe wake miguu kwenye beseni la maji ya moto, alimweleza jambo hilo, si kwa kushtaki, bali kwa kutua mzigo.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "baba yako akishapima, amepima. Tulipooana alinitengenezea kitanda. Alipima chumba ukuta kwa ukuta, kitanda kikaingia kama kimezaliwa humo. Mimi hakunipima. Mwaka wa thelathini na nne huu, miguu yangu inaning'inia."

"Hukumwambia, mama?"

"Nilimwambia. Akasema kitanda hakina kosa."

Walicheka wote wawili mpaka maji ya beseni yakamwagika. Lakini mkamwana alipoinuka kulibeba beseni, aliacha kucheka. Miguu yake mwenyewe ilikuwa imevimba, ndala hazikuingia.

Jumapili mkunga aliitwa. Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. "Kitandani," alisema. "Siku tatu, miguu juu ya mito miwili. Nikisikia ameonekana kwenye boila, nitakuja na kumlaza kwangu."

"Kuwasha moto tu?" alisema Mzee Futi. "Ondoa shaka. Nimeishi na mbao tangu sijaota ndevu. Sasa kuni zitanishinda?"

Kitanda cha mkamwana kilikuwa kimepakana na chumba cha boila, ukuta mmoja tu katikati. Jumatatu asubuhi alilala akitazama dari, na masikio yake yakafanya kazi ambayo macho yalizuiwa kuifanya. Alisikia mlango wa boila ukifunguka. Alisikia kuni zikiingia, gogo, gogo, gogo, gogo. Alihesabu mpaka kumi na mbili.

"Umelijaza, baba," aliliambia dari. "Litakupigia mluzi."

Haikupita nusu saa, mluzi ukalia. Ukafuatiwa na mvuke, kishindo cha ndoo iliyopigwa teke, na miguu ya mzee ikikimbilia uani. Akarudi, akafungua bomba kumwaga maji ya moto, akaingiza ya baridi, akatoa magogo mawili yaliyokuwa yanawaka akayatupa nje kwenye umande. Moto ukazubaa. Akautia gogo moja, likatoa moshi. Akatia lingine, moshi ukaongezeka.

"Hizo ni mbichi," mkamwana alinong'ona. "Kavu ziko mkono wa kulia."

Saa sita mchana mama mkwe aliingiza mguu kwenye beseni akautoa haraka. "Baba watoto! Haya ni maji ya moto au ni machozi ya chura?"

"Yanakuja!" ilijibu sauti kutoka kwenye moshi.

Mpaka jua linazama, Mzee Futi alikuwa ameingia chumba kile mara tisa. Alipopita mlangoni kwa mkamwana kumtakia usiku mwema, macho yake yalikuwa mekundu kama ya mfiwa, na nyusi moja ilikuwa fupi kuliko mwenziwe. Mkamwana akamtakia naye usiku mwema. Adabu ni kuona nyusi ya mkwe imeungua ukasalimia tu.

Jumanne asubuhi kulikuwa na kimya ng'ambo ya ukuta. Mkamwana alisikia magogo matatu tu yakiingia, kisha ndoo ikipinduliwa na mtu akiketi juu yake. Alijua kilichokuwa kinatokea, maana alikuwa ameketi hivyo siku nyingi mno. Mtu akishatia magogo yake matatu hana tena la kufanya, hana cha kupima, anabaki kutazama yaliyo mbele yake. Na mbele ya ile ndoo, mlango ukiwa umerudishwa kuzuia baridi, kulikuwa na mistari ya chaki.

Baadaye kidogo Mzee Futi alisimama mlangoni pake, futi mkononi kwa mazoea.

"Mwanangu, samahani kukusumbua. Ile chaki nyuma ya mlango ni nini?"

"Ni hesabu za kufua, baba."

"Za kufua nini?"

Alijiinua kidogo juu ya kiwiko. "Mablanketi. Siku ya kufua mablanketi ndiyo siku pekee ninayoweza kulijaza boila tenga zima, kwa sababu maji ya moto yanatoka mfululizo kwenda kwenye karai, pipa halipati nafasi ya kuchemka. Mstari mrefu ni tenga moja la kuni kavu. Mistari mifupi chini yake ni mapipa ya maji niliyoyapata, yenye moto wa kutoweza kutia mkono. Nimepima mara kumi na moja. Tenga moja linanipa mapipa mawili na nusu. Kuni zikiwa mbichi, moja na nusu."

Mzee alivuta kiti akaketi. Midomo yake ilikuwa inacheza, anahesabu. "Na nyumba inakula kiasi gani kwa siku?"

"Siku ya kawaida matenga mawili. Siku ya baridi kali, matatu."

"Kwa hiyo matenga mawili ni mapipa matano. Mapipa matano ni..."

"Lita elfu moja, baba."

Mzee aliikunjua futi sentimita chache, akaiachia ikarudi.

"Na nikiweka elfu mbili?"

"Ni mapipa kumi. Moto wa sufuria ya chai ya watu wawili ukiuweka chini ya sufuria ya chai ya watu arobaini, baba, si kwamba watu wengi watakunywa chai. Wote watakunywa maji ya uvuguvugu. Kabla maji hayajapata moto wa kuogea, itabidi nitie matenga manne, na nyumba huku inayavuta joto kila saa. Nitakuwa kule chumbani na mtoto mgongoni."

"Basi la mia tano?"

"Hilo litashiba kwa tenga moja. Jioni nitarudi kuwasha tena. La elfu moja, naweka tenga moja alfajiri, likiisha naweka la pili, nafunga mlango. Kwisha. Siku ya baridi kali tu ndiyo nitaongeza la tatu."

Mzee Futi aliitazama mikono ya mkamwana juu ya shuka. Kwenye mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, kulikuwa na alama tatu za kuungua, nyembamba, sambamba, kama mistari ya daftari. Alikuwa amekaa na mkono huo mezani miaka miwili, na hakuwahi kuuona.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Mkamwana akatazama mito chini ya miguu yake. Jibu lilitoka chumba cha pili, kwa sauti ya mama mkwe: "Alikwambia! Ukamwambia asikanyage futi!"

Mzee alijikuna nyusi iliyobaki. "Hata hivyo kuna jambo halinikai sawa. Jirani. Boila lake na letu tulinunua siku moja, duka moja, tumbo lile lile. Mbona tangi lake la elfu mbili linakaa siku tatu na moto?"

"Hilo sijui, baba," alisema mkamwana. "Boila lake sijawahi kuliwasha."

Ukimtaja mwenye maneno, huwa yuko njiani. Alasiri ile Bwana Nimeona na mkewe walikuja kumjulia hali mgonjwa. Mke alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, aliyeleta chupa ya chai iliyofunikwa kwa kitambaa. Bwana Nimeona aliketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akauliza habari za miguu, wala hakusubiri sana jibu.

"Shemeji, vumilia tu. Mzee akishaweka tangi kama langu, mateso yamekwisha. Mimi Jumatatu liliwashwa, Jumanne kimya, Jumatano kimya, Alhamisi nafungua bomba..."

"...ukaruka nyuma," alimalizia mama mkwe.

"Nikaruka nyuma! Nimeona kwa macho yangu haya mawili."

Mkamwana alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anautazama mkono wa mke wa Bwana Nimeona ukimimina chai. Mkono wa nguo ulikuwa umepanda kidogo, na juu ya kifundo kulikuwa na alama za kuungua, nyembamba, sambamba. Mbili zilikuwa zimeshapona. Moja ilikuwa bado mbichi, inang'aa kwa mafuta ya kupaka.

"Dada," aliuliza taratibu, "hiyo ni ya mlango wa boila?"

Mwanamke aliushusha mkono wa nguo. "Aa, ni kidogo tu, mdogo wangu. Kile kishikio chake kinateleza."

"Umeungua lini?"

"Leo alfajiri."

Bwana Nimeona, ambaye kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni, alikisimamisha hewani.

"Leo alfajiri ulikuwa unafanya nini kwenye boila?"

"Kuwasha."

"Kuwasha? Si juzi liliwashwa?"

"Juzi niliwasha. Jana niliwasha. Leo nimewasha." Mwanamke alijibu bila hasira, kama mtu anayetaja siku za wiki. "Matenga mawili alfajiri, mawili jioni ukiwa umekwenda kuzungumza. Nikikosa jioni, asubuhi maji yanakuwa ya vuguvugu. Unaamka saa mbili, baba watoto. Saa mbili moto umeshakuwa majivu, na majivu nimeshayamwaga."

"Na... na ile Jumatatu?"

"Jumatatu kama siku nyingine."

Mama mkwe aliificha sura yake kwenye kanga, lakini mabega yalimsaliti. Mzee Futi hakucheka. Aliinama mbele. "Mama, mbona hukusema siku zote hizi? Jirani yangu huyu ametembea na vidole vitatu hewani mtaa mzima."

"Nimwambie nani, mzee? Kila mgeni akija anauliza tangi ni lita ngapi. Hajaja hata mmoja akauliza nani anawasha."

"Mmoja aliuliza," Mzee Futi alisema polepole. "Mama Cheche. Nikamjibu 'sisi'."

Alisimama, akatafuta simu mfuko mmoja, akaikuta futi. Akatafuta mfuko wa pili, akaipata simu.

"Mama Cheche? Bamba umekata? Bado? Usikate! Ndiyo, ni mimi. Elfu moja. Moja, siyo mbili. Hapana, pembe haijapungua, pembe iko vile vile." Akasikiliza. "Nani kaniambia? Anayewasha."

Upande wa pili wa simu Mama Cheche alisema kitu kwa sauti kubwa, na wote chumbani wakalisikia: "Ndiyo maana Jumamosi niliitazama ile chaki!"

Mkamwana alirudisha kichwa kwenye mto. Ndani ya tumbo mtoto aligeuka, akapiga teke moja, akatulia.

Tangi lilikuja baada ya siku kumi, limelazwa kwenye mkokoteni. Liliposimamishwa pembeni lilibakiza nafasi ya mikono miwili kila upande, na Mzee Futi aliitazama nafasi ile kama mtu anayetazama jino lililong'oka. Hakuiacha. Alilijengea tangi sanduku la mbao kutoka ukuta hadi ukuta, akajaza maganda ya randa kati ya mbao na chuma, yakashindiliwa mpaka yakawa mazito kama godoro. Joto likakosa pa kutorokea, na pembe ikajaa. Kishikio cha mlango wa boila nacho alikitengenezea mbao mpya ya mti mgumu. Kabla hajaichonga, alikwenda kumwomba mkamwana afumbe ngumi, akaipima.

Kisha, bila kutangaza, alitengeneza kitanda. Safari hii alimwambia mkewe alale sakafuni, akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaongeza shubiri moja.

Mtoto wa kike alizaliwa wiki saba baadaye, salama. Moto wa alfajiri uliwashwa na Mzee Futi, matenga mawili ya kuni kavu za mkono wa kulia, mlango unafungwa, kwisha. Kila asubuhi aliongeza mstari wake mwenyewe wa chaki chini ya ile ya zamani, kwa rula.

Bwana Nimeona na mkewe walikuja kumwona mtoto. Baada ya kumwona na kumsifia, wanaume wakataka kuona tangi, na wanawake wakafuata, mkamwana akiwa na mwanawe kifuani. Kilikuwa chumba kikavu, kisicho na moshi. Boila lilikuwa limezimika tangu asubuhi. Mzee Futi alifungua bomba, maji yakatoka na mvuke, saa kumi alasiri.

"Hili sasa," alisema Bwana Nimeona, "nimeo..." Akajizuia, akakohoa.

Mkewe alikuwa ameshika kile kishikio kipya cha mbao, anakipapasa kwa kidole gumba. Hakugeuka alipozungumza, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

"Baba watoto, nakuomba kitu. Kesho alfajiri uwashe wewe. Siku moja tu."

Mzee Futi akaacha kufunga bomba. Mkamwana akaacha kumbembeleza mtoto. Bwana Nimeona aliinua macho akaitazama geji ya kupimia joto kwenye tangi, akaitazama kwa makini, kama mtu anayesoma barua ndefu iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. Na maji yakaendelea kudondoka tone baada ya tone kwenye ndoo, na mkewe akaendelea kusubiri.

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.